Kamera ya Shule Isinunuliwe kwa Jina

Mojawapo ya mambo ambayo mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema ni kwamba jina si kitu chenyewe. Hata hivyo, sisi Wakenya tuna mazoea ya tangu zamani ya kulikweza jina la bidhaa moja hadi likawa jina la bidhaa zote za aina hiyo. Mtu huenda dukani akaagiza Omo, akapewa sabuni ya unga ya kampuni nyingine, akalipa na kuondoka bila kunung'unika. Huagiza Colgate, akapewa dawa yoyote ya meno iliyopo rafuni. Kwa sabuni na dawa ya meno hasara si kubwa. Lakini mazoea hayo yanapohamia kwenye kifaa cha maelfu ya shilingi, kinachonunuliwa kwa fedha za wazazi wanaotegemea kahawa, majani chai na miraa, hatuna budi kuyatafakari upya.

Kifaa ninachokusudia ni kamera. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, walimu wametakiwa kuhifadhi ushahidi wa kazi za wanafunzi, na mara nyingi ushahidi huo ni picha au video. Sanaa za maonyesho na filamu nazo zimepata nafasi ambayo hazikuwa nayo enzi za 8-4-4. Mwaka 2024 tamasha ya kitaifa ya drama na filamu ya shule na vyuo ilifanyika Embu, na hapana shaka walimu wengi wa eneo hili waliondoka pale wakiwazia kamera. Basi mwalimu anapotumwa na bodi ya shule kwenda kununua, huulizwa maswali mawili: ni ya kampuni gani, na ina megapikseli ngapi?

Hoja yangu ni kwamba maswali hayo mawili yanafaa kuwa ya mwisho. Swali la kwanza ni kazi. Na kwa shule za Meru na Embu, pamoja na Tharaka-Nithi iliyo katikati yao, kazi moja inazipita nyingine zote kwa uzito na kwa uharaka: kuhifadhi usemi wa wazee wetu kabla haujatoweka. Kamera bora kwetu ni ile inayomwona mzee jinsi alivyo na kumsikia jinsi anavyosema. Nitazipima kampuni zinazoshindana kwa mizani hiyo.

Historia yenyewe inatuonya tusiyaabudu majina. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Kodak lilikuwa jina la kamera na la filamu kwa pamoja. Mwaka 1975 mhandisi wa kampuni hiyo, Steve Sasson, aliunda kamera ya dijitali iliyopiga picha ya pikseli 10,000 tu. Kampuni haikuufuata ugunduzi huo kwa dhati, ikaendelea kutegemea filamu, na Januari 2012 ikalazimika kuomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake. Yashica, iliyowalisha wapiga picha wengi wa mitaani katika Afrika Mashariki, ilifikia tamati mwaka 2005 pale kampuni ya Kyocera iliyoimiliki ilipoacha kutengeneza kamera. Siku hizi majina yanayotamkwa ni Canon, Nikon na Sony, na upande wa simu Samsung, Tecno na Infinix. Hakuna ajuaye ni lipi kati yao litakalosalia baada ya miaka thelathini.

Tuanze na ubora wa picha, kwa maana hapo ndipo wauzaji hutuchezea zaidi. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Kamera ya Canon 4000D ina megapikseli 18, na ndugu yake 2000D ina megapikseli 24. Zote mbili zilitoka mwaka 2018. Mnunuzi akiziona tarakimu hizo hudhani kwamba ya pili inaizidi ya kwanza kwa theluthi nzima. Lakini megapikseli huhesabu eneo la picha. Ukipima upana, picha ya 4000D ina nukta 5,184 na ya 2000D ina nukta 6,000. Tofauti ni kama asilimia 16. Zikichapishwa kwa kiwango cha juu cha nukta 300 kwa inchi, ile ndogo hufikia upana wa sentimita 44 na ile kubwa sentimita 51. Ni shule gani yenye ubao wa matangazo unaodai kuzidi hapo? Fauka ya hayo, video ya kiwango cha Full HD, ambayo ndiyo hutazamwa katika kumbi nyingi za shule, ina megapikseli mbili tu katika kila picha.

Tukija kwenye simu, mchezo huu huzidi. Simu nyingi za bei ya wastani hutangazwa kuwa na kamera ya megapikseli 50. Yaani simu inaipita Nikon mara mbili? La hasha. Ndani ya kila kamera mna kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Kihisi cha Canon 2000D kina milimita 22.3 kwa 14.9, ilhali cha Nikon D3500 kina milimita 23.5 kwa 15.6. Kihisi kinachotumika katika simu nyingi za bei hiyo hakizidi milimita tano na ushei kwa nne. Ukizidisha utaona kwamba kihisi cha Canon kina eneo kubwa mara kumi na sita hivi. Nukta milioni 50 zikisongamana mahali padogo namna ile, kila moja hupata mwanga kidogo mno. Ndiyo maana simu zenyewe huunganisha nukta nne kuwa moja, na picha unayoiona kwa kawaida ina megapikseli kama 12 tu.

Juani, saa nne asubuhi, tofauti hiyo haionekani. Huonekana ndani ya nyumba ya mzee yenye dirisha moja, au katika darasa la Timau siku ya ukungu. Hapo lenzi nayo hudai haki yake. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi hupunguza uwazi wake hadi f/5.6 inapofika milimita 50. Lenzi isiyovuta, ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, hupitisha mwanga mara tisa na zaidi. Canon ilipoitoa upya lenzi ya namna hiyo mwaka 2015 iliiuza kwa dola 125 za Marekani. Ya Nikon yenye mota yake ya kulenga ilitoka mwaka 2011 kwa dola zaidi ya 200. Mnunuzi wa Nikon asidanganyike kuchukua lenzi nzee za bei rahisi: D3500 haina mota ya kulenga ndani ya mwili wake, hivyo lenzi zisizo na mota itambidi azilenge kwa mkono. Kwa kipengele hiki Canon inashinda, na si kwa sababu ya jina.

Kuna jambo jingine la ubora wa picha ambalo matangazo hayalitaji, nalo linatuhusu sisi kuliko wengine. Nalo ni rangi ya ngozi. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alionyesha katika makala yake ya mwaka 2009 jinsi maabara za picha zilivyotumia kwa miongo mingi kadi yenye picha ya mwanamke mweupe kuwa kipimo cha rangi sahihi. Wanawake waliopigwa picha hizo walibadilika, lakini wote waliitwa jina moja, Shirley. Mashine iliporekebishwa hadi Shirley akapendeza, kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika. Mtu mweusi aliyepigwa picha kando ya mweupe alitokea macho na meno tu. Roth aliambiwa na waliokuwa wakifanya kazi Kodak kwamba miongoni mwa waliochochea filamu ibadilishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za bidhaa zao hazikutofautishwa ipasavyo. Msomaji atajionea mwenyewe uzito wa jambo hilo.

Mwanaisimu hashangai. Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 lilipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine hazikugeuka kuwa makosa. Ziligeuka kuwa zile zinazopimwa kwa kipimo cha mwingine. Anayeongea lahaja iliyosanifishwa hujiona hana lafudhi. Vivyo hivyo, anayetengeneza kamera kwa kupima uso wake mwenyewe hujiona amepata rangi halisi. Rangi ambayo Canon, Nikon au Sony hutoa ni uamuzi wa wahandisi kama ulivyokuwa uamuzi wa wajumbe wa Mombasa.

Katika jambo hili simu zimetangulia. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini Uchina, yenye kutengeneza Tecno, Infinix na itel, ilijijengea soko barani Afrika kwa njia kadhaa, na mojawapo ni kuzirekebisha kamera zake zizitambue nyuso nyeusi. Google nayo ilitangaza marekebisho ya namna hiyo katika simu zake za Pixel mwaka 2021. Sitaki kueleweka vibaya. Marekebisho mengine hupita kiasi, yakamparia mzee wa miaka themanini uso laini wa kijana. Na mzee asiye na makunyanzi ni uongo ulio sawa na mzee asiyeonekana. Lakini walau watengenezaji hao walitukumbuka.

Kwa kamera kubwa, dawa iko mikononi mwa mwalimu. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Wanafunzi wenye mashati meupe wakisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zikawa giza. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kipeleke upande wa kujumlisha, hatua moja au karibu na hapo, na nyuso zitarudi. Dukani nako, usikubali kupiga picha ya masanduku yaliyo rafuni. Nenda na watu wawili, mmoja mweusi sana na mwingine maji ya kunde, uwapige pamoja kivulini kisha juani, halafu uzitazame picha hizo katika kioo kikubwa. Jaribio hilo la dakika tano litakufunza mengi kuliko kijitabu cha matangazo.

Sasa nifikie kiini cha makala haya: sauti. Kiimenti, Kiigembe, Kitigania, Kimwimbi, Kichuka, Kitharaka, Kiembu na Kimbeere vyote ni vya jamii ya lugha zenye toni. Maneno mawili yanaweza kuandikwa kwa herufi zilezile na kutofautishwa na kupanda na kushuka kwa sauti peke yake. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tuliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza tumezoea kuandika bila kujali toni. Vitabu vingi vya lugha zetu haviiandiki. Kwa hivyo, sehemu ya maana ambayo haipo katika maandishi imo ndani ya sauti ya msemaji, na isiponaswa vizuri itakwenda naye.

Tukizipima kamera kwa mizani hii, majina makubwa yanaanza kuyumba. Canon 4000D haina tundu la kuchomeka maikrofoni. Canon 2000D haina. Nikon D3500 haina, ingawa D3300 iliyotoka mwaka 2014 ilikuwa nalo. Yaani kamera zilizouzwa kuwa za wanaoanza, na ambazo shule hununua kwa kuwa bei yake inavumilika, humsikia mzee kwa kijitundu kilicho mwilini mwa kamera, pamoja na mlio wa lenzi ikijilenga na upepo wa uwanja mzima. Isitoshe, kamera hizo hujiongezea na kujipunguzia sauti. Mzee akinyamaza kidogo, kamera hupandisha mvumo wa chumba. Ngoma za Wachuka zikianza, zile ndefu zinazobanwa kati ya miguu, huishusha sauti ghafla na mwimbaji akapotea. Kwa picha za sherehe kasoro hiyo yavumilika. Kwa mwanafunzi atakayesikiliza miaka hamsini ijayo ili ajue toni ya neno, rekodi hiyo haina faida.

Canon 250D ya mwaka 2019 ina tundu hilo, na kioo chake hugeuka upande wa msemaji. Canon 700D ya mwaka 2013, inayopatikana ikiwa imetumika, inalo pia. Sony ZV-E10 ya mwaka 2021 inalo, na maikrofoni yake ya ndani ina nafuu, kwani kamera yenyewe iliundwa kwa ajili ya watu wanaojirekodi wakizungumza. Kuna na suala la muda. Kamera nyingi za Canon na Nikon za daraja hili hukata video kabla ya dakika 30 kutimia, na Nikon D3500 katika ubora wake wa juu hukata mapema zaidi. Mzee wa Kimbeere anayesimulia asili ya ukoo wake hajui habari ya dakika 30. Sony haikati, huendelea hadi betri au kadi iishiwe.

Lakini Sony nayo ina madhaifu yake. ZV-E10 haina tundu la kuchungulia, hivyo katika jua kali la Ishiara au Siakago mpiga picha hukikodolea macho kioo asione kitu. Betri yake, kwa kipimo cha chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, hupiga picha kama 440. Ya Canon 2000D hupiga 500. Ya Nikon D3500 hupiga 1,550. Kwa shule iliyo mbali na umeme wa uhakika, au kwa ziara ya siku tatu ya wanafunzi wa jiografia mlimani, Nikon inawaacha wenzake mbali. Basi msomaji ataona kwamba kila kampuni ina uwanja wake: Canon kwa lenzi za bei nafuu, Nikon kwa betri, Sony kwa video na sauti, simu kwa wepesi na kwa nyuso zetu. Anayesema kampuni moja inazishinda zote, ama ni muuzaji, ama hajafanya kazi zote.

Na bei je? Zilipotolewa, zikiwa na lenzi moja, Nikon D3500 iliuzwa Marekani kwa dola 500, Canon 2000D kwa dola 550, Canon 250D kwa dola 750 na Sony ZV-E10 kwa dola 800. Bei za Nairobi hupanda na kushuka pamoja na shilingi, lakini mpangilio wenyewe hubaki kama huo. Isidhaniwe kwamba bei hiyo ndiyo gharama. Ongeza kadi mbili za kumbukumbu, betri ya pili, stendi ya miguu mitatu, mfuko usiopitisha vumbi na mahali pa kuhifadhi nakala. Ongeza nauli ya kwenda Nairobi kamera inapoharibika, na kutoka mjini Meru safari hiyo huzidi kilomita 200 kwenda peke yake.

Zipo pia gharama zilizofichwa. Canon iliiondoa pini ya kati katika kiti cha flashi cha 250D, kwa hivyo flashi nyingi za bei rahisi zinazowashwa kwa pini hiyo hazitawaka. Mdomo wa Canon 4000D unaoshikilia lenzi ni wa plastiki, na kifaa kitakachopita katika mikono ya wanafunzi arobaini hakihitaji mdomo wa plastiki. Kamera ndogo kama 4000D na D3500 hazina uwezo wa kujipangusa kihisi, na atakayebadilisha lenzi kando ya barabara ya vumbi huko Tharaka ataziona chembe hizo katika kila picha ya mbingu. Upande wa mlimani adui ni unyevu, unaootesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini muhula mzima. Nikon nayo imeshaacha kuitengeneza D3500, hivyo atakayeitaka ataipata mkononi mwa mtu au katika masalio ya duka. Hilo si kosa, maadamu aipime kabla hajalipa.

Kwa kuzingatia haya yote, ningeishauri bodi ya shule yenye fedha za kamera moja ya wastani ifanye jambo litakalowashangaza wengi: isianze na kamera. Ianze na kinasa sauti. Kinasa sauti kidogo kama Zoom H1n, kilichotoka mwaka 2018 kwa bei ya dola 120, hurekodi sauti isiyobanwa kwa kiwango ambacho watafiti wa lugha hukikubali. Kiwekwe mezani mbele ya mzee, au kifungwe kwenye kijistendi, kikiwa kimevishwa kifuniko cha sponji dhidi ya upepo. Video ipigwe kwa simu nzuri ya mwalimu au ya shule. Mwanzoni mwa kila rekodi mtu apige kofi moja mbele ya simu, ili sauti na picha ziweze kuoanishwa baadaye. Kinasa hicho na simu ya wastani kwa pamoja vitahifadhi toni za Kitharaka vizuri kuliko kamera ya dola 800 isiyo na maikrofoni ya nje. Fedha zikipatikana mwaka unaofuata, ndipo inunuliwe kamera yenye tundu la maikrofoni, na wakati huo jina lake litakuwa jambo dogo.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba shule isiyo na vitabu vya kutosha haina haki ya kuzungumzia kamera. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaibeza. Lakini kifaa kimoja si lazima kiwe cha shule moja. Shule tano za wadi moja zaweza kuchanga, zikapangiana zamu, na kinasa kikafanya kazi kila wiki badala ya kulala ofisini kwa mwalimu mkuu kikisubiri siku ya kutoa zawadi. Vyuo vikuu vya eneo hili navyo, vya Embu, Chuka na Meru, vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Hakuna kinachovizuia kushirikiana na shule na kuzihifadhia nakala.

Wengine watasema simu pekee yatosha, na mengineyo ni anasa. Kwa picha ya mradi wa sayansi, yatosha kabisa, na mzazi asilazimishwe kununua zaidi. Lakini ubora ni suala la kazi. Anayepima kahawa kwenye kiwanda hatumii mizani ya mfua dhahabu, wala mfua dhahabu hatumii ya kahawa.

Kwa nini basi niseme kazi hii ni ya haraka? H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere na kuyachapisha katika miaka ya mwanzo ya 1970. Ciarunji Chesaina akatupa kitabu cha fasihi simulizi ya jamii hizohizo mwaka 1997. Upande wa Meru, Mmarekani Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuandika historia ambayo bado tunaisoma. Tunawashukuru wote. Bila wao tungekuwa na pengo kubwa zaidi. Lakini anayefungua vitabu hivyo leo hupata maneno, na mara nyingi maneno hayo yamekwisha kuvuka kwenda Kiingereza. Sauti iliyopanda pale mzee alipokejeli, mkono ulioonyesha upande wa mlima, toni iliyotofautisha neno na mwenzake, vitabu haviwezi kuvibeba.

Sasa tuhesabu. Hali ya hatari ilitangazwa nchini tarehe 20 Oktoba 1952. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 siku hiyo, akaona vijiji vikizungushiwa mahandaki na msitu ukifungwa, leo amepita miaka 80. Anayekumbuka jinsi baba yake alivyozungumza katika vikao vya Njuri Ncheke kabla ya uhuru hayuko mbali na umri huo. Watu hao bado wako Igembe, Mwimbi na Mbeere, wanaota jua asubuhi nje ya nyumba zao, na wengi wao ni babu na bibi wa wanafunzi wanaosoma makala haya.

Kwa hivyo, mwalimu, utakapotumwa kununua, andika kazi kwanza katika karatasi. Uliza ikiwa kifaa kitamsikia msemaji. Uliza kama kitamwona katika mwanga hafifu na kwa rangi yake. Uliza nani atakitengeneza, na gharama yote itakuwa kiasi gani baada ya miaka mitatu. Baada ya hapo, ukipenda, uliza jina. Nawe mwanafunzi, huna haja ya kungoja bodi ikutane. Simu ikipatikana nyumbani, chagua mahali patulivu pasipo na redio wala kuku, isogeze karibu na mzee, umwombe ruhusa kwa heshima ya kwenu, umweleze rekodi itakwenda wapi, kisha umwache aseme kwa lugha yake bila kumkatiza. Taja tarehe, mahali na jina la lahaja. Mpe nakala. Likizo moja yatosha kuanza.